Uti wa Jani

Saa nane za usiku, taa kichwani.
Mpira hautoi maziwa yake kwa anayechelewa.
Kisu kimoja, ndoo mbili, miti mia sita,
na mfukoni majani saba mabichi.
Unachuna uti wa jani kwa ukucha wa dole gumba,
unautupa gizani,
unaikunja ile nyama laini, unaitia shavuni
kama mtu anayeficha deni.
Uchungu kwanza.
Halafu mikono inapata akili.

Saba yalikuwa ya mwaka wa mafuriko.
Mwaka uliofuata, ishirini.
Alipozaliwa Kannika sikuhesabu tena.
Lamai ndiye aliyehesabu,
kwa madoa ya mate ya kijani kwenye ngazi.
Polisi walipoacha kuikata miti ile
soko la Chawang likauza majani kwa mafungu,
kando ya vitunguu, kando ya pilipili,
na mimi nikajiambia: basi ni mboga.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.
Mimi hakuna aliyenisifu.
Nilijisifu mwenyewe, alfajiri baada ya alfajiri:
tazama mgongo usiochoka,
tazama tumbo lisilodai chakula.

Mvua za Novemba zikaja. Mvua ikinyesha hatugemi,
maji huingia vikombeni, utomvu huharibika.
Siku ya tatu hakuna kazi, hakuna kisu,
nami nimekaa barazani, shavu limejaa.
Lamai alikuwa anapepeta mchele.
Hakuinua macho.
“Leo,” akasema, “unamgemea nani?”

Sikuwa na jibu. Nilitema.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa miayo tu.
Arobaini, hamsini, taya likauma,
macho yakachuruzika kama ya mmenya vitunguu.
Nikacheka. Nikasema, kumbe ni hili tu.

Usiku wa pili, miguu.
Waliosema arosto ni maumivu hawakuniambia habari ya miguu
inayotaka kwenda mahali bila mwenyewe.
Niliifunga kwa shuka, nikaifungua,
nikaipiga ukutani, kulia, kushoto,
mpaka Kannika akaamka akauliza
nani anabisha hodi.
“Lala,” nikamwambia. “Ni baba.”
“Mbona uko ndani?”

Jasho kwenye godoro, barafu kwenye mifupa.
Kamasi. Kuhara. Hasira juu ya kijiko
kilichogonga bakuli jikoni.
Nilimtukana Lamai kwa ajili ya kijiko.
Hilo nalikumbuka kuliko miguu.

Usiku wa tatu mama alikuja na mwavuli,
na kiganjani jani moja. Moja tu,
kama anavyowapa watoto tumbo likiwachafuka.
Hakuwa na ubaya. Alikuwa amenisikia kutoka nyumbani kwake.
Nililipokea. Lilikuwa na baridi ya mvua.
Kidole kinajua kazi yake: ukucha ukapita,
uti ukatoka mzima.
Nikamrudishia jani.
Uti nikabaki nao mkononi hadi kulipokucha,
mimi nimejikunja kama kamba,
wenyewe umenyooka.

Mtafunaji huogopa maji.
Miaka kumi na moja nilioga kama paka,
ncha za vidole, nyuma ya masikio.
Siku ya saba Lamai alinivuta hadi kwenye pipa,
akanimwagia kata moja, ya pili, ya tano.
Nilipiga kelele, kuku wakakimbia.
Sikumwambia aache.

Mvua ilipokatika nilirudi shambani.
Nilikata miti mia mbili na arubaini,
mingine kwa kina mno, ikachuruzika hadi mizizini.
Jirani yangu Prayong alimaliza shamba lake, akanipita,
shavu lake limevimba,
akaniuliza kama naumwa.
Nikasema ndiyo. Ndilo lililokuwa jibu fupi.

Mti wa mama uko palepale nyuma ya jiko,
majani mapana, yanang'aa, hayana hatia.
Chooni ni hatua ishirini ukipita chini yake.
Mimi nazunguka banda la nguruwe,
hatua sabini na tatu,
hata usiku, hata mvua ikinyesha.